Pijo ya Marehemu Mwalimu: Uchambuzi wa Kisa cha Kufufua Peugeot 504 Mjini Nakuru

Kisa hiki kinahusu gari moja, Peugeot 504 ya muundo wa stesheni wagoni, lililoachwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa mkazi wa Lanet, pembezoni mwa jiji la Nakuru, na juhudi za mjane wake pamoja na watoto wao watatu za kulirudisha barabarani. Familia iliniomba niwatunzie hesabu za kazi hiyo na niwe shahidi pale ambapo ndugu hawakusikilizana. Baadaye waliniruhusu kukiandika kisa chenyewe kwa sharti kwamba majina yao, ya mafundi na ya gereji zilizohusika yasitajwe. Hoja ninayoitetea ni hii: kazi ya kufufua gari la urithi hupotea pale inapoanzia kwenye injini. Umiliki hutangulia, mabati hufuata, na injini huja ya tatu, ingawa ndiyo inayowavutia watu wote kwa sababu ndiyo inayonguruma.

Gari lenyewe lina namba ya usajili ya mfumo wa zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, uliotumika kabla mfululizo wa KAA haujaanza mwaka 1989. Mwalimu alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akalitumia kwenda kazini na, shule zilipofungwa, kubeba viazi kutoka Molo hadi sokoni Nakuru, na mara kwa mara abiria wa kulipa. Wasomaji waliokulia Bonde la Ufa watakumbuka kwamba kabla ya Nissan za abiria 14 kutawala barabara, safari nyingi za kati ya Nakuru, Kericho na Kisumu zilifanywa kwa Pijo za safu tatu za viti. Afya yake ilipodhoofika, gari liliegeshwa kwenye banda lisilo na kuta, chini ya migrevilea, likasimama hapo zaidi ya miaka minane.

Hali yake siku lilipofunguliwa inastahili kuelezwa kwa kina, maana sehemu kubwa ya yaliyofuata ilikuwa imeandikwa pale pale. Magurudumu yalikuwa yamekaa chini na mpira wake umepasukapasuka ubavuni. Panya walikuwa wametafuna sifongo ya kiti cha nyuma. Petroli iliyobaki tangini ilinuka kama vanishi. Kile chumba chembamba kati ya boneti na kioo cha mbele, mahali ambapo maji ya mvua hukusanywa ili yatoke kwa matundu ya pembeni, kilikuwa kimejaa majani ya mgrevilea yaliyooza yakawa udongo. Na ndani ya dashibodi kulikuwa na daftari la Kasuku ambamo marehemu aliandika kila alipobadilisha oili, kila alipotengeneza breki, na kila alipoongeza maji kwenye rediata.

Daftari hilo halikusomwa mara moja, na hapo ndipo mkasa wa kwanza ulipoanzia.

Kaka mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, alikuja wikendi moja na fundi aliyemkodi mjini, wakaleta betri mpya na chupa ya petroli. Fundi akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akazungusha stata, yaani mota ya kuwashia. Injini ilikataa, kisha ikatoa sauti ya chuma kugongana, ikasimama. Kwa injini iliyolala muda mrefu hivyo, utaratibu unaojulikana ni kutoa plagi zote, kumimina oili nyepesi ya kupenya kutu ndani ya kila silinda, kuiacha siku kadhaa, kisha kuzungusha krenki, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, kwa mkono kwa kutumia spana kwenye puli ya mbele. Mkono huhisi kizuizi na kusita, ilhali stata husukuma tu bila kujali kilicho mbele yake. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu kwenye ukuta wa silinda zinahitaji kulainishwa kwanza. Zikilazimishwa huvunjika, na ringi iliyovunjika huchora ukuta mzima.

Lililofuata ndilo lililogharimu zaidi. Fundi yule aliifungua hedi, kifuniko cha juu cha injini, ili aone kilichokwama, na akiwa ameitoa aliendelea kuzungusha krenki huku na huku kujaribu kuzilegeza pistoni. Injini ya petroli ya 504, iwe ile ya sentimita za ujazo 1,796 au ile ya 1,971 iliyo kwenye gari hili, ina slivu, yaani kuta za silinda, zinazochomolewa, zilizozungukwa moja kwa moja na maji ya kupoza na kuketi juu ya raba nyembamba chini ya bloki. Kinachozishikilia mahali pake ni hedi yenyewe ikiwa imekazwa kwa bolti. Hedi ikitoka, slivu hazina kinachozishika, na krenki ikizungushwa pistoni huzinyanyua na kuziacha raba zikiwa zimehama. Ndiyo maana anayeijua injini hii hukaza vishikizo vya muda juu ya slivu kabla ya kugusa krenki. Injini ilipofungwa upya na kutiwa maji, oili iliyochunguliwa kwa kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Ni rahisi kumlaumu fundi, na mimi simtetei. Hata hivyo, nikizipitia hesabu naona kwamba alifanya alichoitiwa. Aliambiwa aiwashe injini ili kaka aisikie kabla ya kurudi Nairobi Jumapili jioni. Hakuna aliyemwuliza kama gari lilifaa kuwashwa, wala aliyemwambia ni la nani.

Swali la mwisho lilikuwa zito kuliko ndugu walivyodhani. Mwalimu alifariki bila wosia, na hakuna aliyekuwa amefungua kesi ya mirathi, kwa kuwa shamba dogo la Njoro halikuwa na mgogoro na kila mtu aliona mambo yako sawa. Kaka alilichukulia gari kuwa lake kwa sababu yeye ndiye mwana wa kwanza na ndiye aliyetoa pesa. Dada, anayeishi Kisumu, alisema gari ni la mama. Kitinda mimba alikuwa na mnunuzi tayari, mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya sheria za Kenya, haikubaliani na hata mmoja wao. Kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia kwa namna nyingine mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama, na kinaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 35 kinampa mjane mwenye watoto umiliki kamili wa vitu vya binafsi na vya nyumbani, na katika mali iliyobaki humpa haki ya kuitumia maisha yake yote, kisha mali hiyo huwarudia watoto. Je, gari ni kitu cha nyumbani? Sheria inapofafanua vitu hivyo inaliweka kando gari, pamoja na kitu kingine chochote kilichohusiana na biashara au kazi ya marehemu. Mawakili wanaweza kubishana kuhusu upana wa maneno hayo, lakini gari lililobeba viazi na abiria wa kulipa haliwezi kuponyoka kwa urahisi. Kwa hiyo gari lilikuwa sehemu ya mirathi: mama ana haki ya kulitumia, hana haki ya kuliuza peke yake, na watoto wana haki inayongoja.

Jambo hili lina matokeo ya kiutendaji ambayo watu hawayafikirii wanapokuwa na spana mkononi. NTSA, mamlaka inayosajili magari, haiwezi kubadilisha jina kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ya marehemu bila hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa. Kampuni ya bima nayo hutaka kujua ni nani hasa mwenye maslahi katika gari analokatia bima. Na ikiwa injini itabadilishwa kabisa, namba mpya lazima iandikishwe, nayo haiandikishwi kwa ombi la mtu ambaye kisheria hana gari. Mtu anaweza kumaliza kazi yote, rangi iking'aa, kisha akabaki na sanamu ya kuegesha uani.

Familia ilianza na barua ya chifu inayowataja warithi, ikawasilisha ombi mahakamani Nakuru, likatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Kwa sababu haki ya mjane ya kutumia mali maisha yake yote huzaa dhamana inayoendelea, kifungu cha 58 hakiruhusu msimamizi mmoja peke yake, kwa hiyo mama aliteuliwa pamoja na dada wa Kisumu. Kaka hakufurahi. Mama alimwambia mbele yetu, kwa upole, “Mwanangu, wewe uko mbali na una haraka. Dada yako yuko mbali lakini hana haraka.” Uthibitisho wa hati hungoja miezi sita kwa kawaida, na muda huo, uliowakera wote, ndio ulioliokoa gari, maana katika kungoja walipata nafasi ya kulikagua bila kulifungua ovyo. Walilihamishia kwenye banda lenye sakafu kavu, wakaondoa petroli kuukuu, wakasafisha matundu ya maji. Hayo ni kuhifadhi mali, na wasimamizi wenyewe ndio walioyaagiza.

Sasa mabati, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa kizima.

Peugeot 504 haina chesisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo fremu: sakafu, maboksi ya chini ya milango, nguzo na bati la ndani la mbele hushirikiana kubeba uzito wote. Juu ya bati hilo la mbele ndipo miguu ya springi na shokabsoba za mbele inaposhika, kwa hiyo kutu ikila hapo, gari hupoteza mahali pa kusimama. Stesheni wagoni ina jambo la ziada. Umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, wakati saluni ina mita 2.74, na boksi refu lililodhoofika hupinda katikati kwa urahisi zaidi. Kadhalika boksi la saluni halitoshei. Vipande vya mbele, kama boneti na mabawa, vinapatikana kutoka saluni na hata pikapu, ila kuanzia mlango wa nyuma stesheni wagoni inajitegemea. Kuagiza gari zima kutoka nje ili livunjwe hakuwezekani, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye umri unaozidi miaka 8.

Panel bita, yaani fundi wa mabati, aliyeitwa ni mzee ambaye amezifanyia kazi Pijo tangu zikiwa matatu. Alikuja na sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa, bisibisi na kipande cha chaki. Sumaku iliposhika vizuri aliendelea, ilipolegea alizungushia chaki. Alipomaliza upande wa kushoto chaki zilikuwa zimefuatana kutoka kwenye gurudumu la mbele hadi chini ya mlango wa nyuma. Kisha akachokonoa kwa bisibisi, fila, ule udongo wa kuzibia mabati kabla ya rangi, ikaanguka vipandevipande, na chini yake kukatokea kiraka cha mabati ya paa, geji 30, yenye migongo yake bado, kilichopigiliwa kwa riveti juu ya tundu ambalo mkono ungeweza kupita. Mzee akacheka akasema, “Huyu alikuwa anaezeka.” Kwa boksi la chini ya milango yeye hutumia bati la geji 18, unene wa takriban milimita 1.2, na hakubali chini ya hapo.

Chanzo cha kutu kilikuwa mbali na mahali ilipoonekana. Yale majani chini ya kioo cha mbele yaliziba matundu, maji ya mvua yakakosa pa kutokea, yakapenya pembeni na kuteremka ndani ya nguzo hadi kwenye maboksi, ambako matundu ya chini nayo yalikuwa yamezibwa na lami iliyopakwa zamani kwa nia njema ya kuzuia kutu. Gari lilikuwa limejaa maji kutoka ndani. Mtu angeziba tundu la nje kwa bati zuri namna gani, kama hakusafisha njia ya maji juu, angekuwa ameziba mahali pa kutokea tu.

Kazi ilifanywa kwa mpangilio ambao ninauona kuwa wa mfano. Milango ilifungwa na nafasi zake zikapimwa kabla ya kukata chochote. Gari liliinuliwa likakaa juu ya vihimili kwenye ncha zake zenye nguvu, likafungiwa vyuma vya kushikilia kutoka nguzo hadi nguzo, na mzee akapima mishazari kwa futi ya kamba. Alikata upande mmoja tu kwa wakati. Kaka alitaka pande zote mbili zikatwe pamoja ili kupunguza siku za kulipia, na mzee alimjibu kwamba gari likishapinda atalipia siku hizo mara mbili. Uchomeleaji ulifanywa kwa mashine ya waya na gesi ya kaboni dioksidi badala ya mwali wa gesi, kwa kuwa joto la mwali hutawanyika na kuyumbisha bati pana. Karibu na namba ya chesisi iliyogongwa chini ya boneti alikataa kuchomelea hadi dada alipoipiga picha kabla na baada, maana namba ikifutika ukaguzi wa usajili hugeuka kuwa kesi.

Kazi hiyo ya mabati ilikula karibu nusu ya fedha zote. Kaka aliona ni nyingi kwa kitu kisichoonekana. Mimi naiona kuwa ndiyo fedha pekee iliyotumika bila shaka yoyote.

Wakati mabati yanaendelea ndipo daftari la Kasuku liliposomwa, na mambo mawili yakajitokeza. Kwanza, mwalimu alikuwa mwangalifu sana kuhusu oili, hivyo sehemu ya chini ya injini ilitarajiwa kuwa nzima, na ndivyo ilivyokuwa: krenki na beringi zake zilipimwa zikaachwa. Pili, katika miaka ya mwisho aliongeza maji ya bomba mara kwa mara bila kulanti, dawa ya maji ya rediata inayozuia kutu. Bloki ya injini hii ni ya chuma na hedi yake ni ya alumini, na metali mbili zikizungukwa na maji matupu huliana. Slivu zilipochomolewa, nje yake zilikuwa na vishimo vyeusi kama za mtu aliyeugua ndui, na vitako vyake katika bloki vilihitaji kukwanguliwa kwa subira. Hapa ndipo muundo wa Kifaransa ulipowasaidia. Injini yenye silinda zilizochongwa ndani ya bloki ingehitaji kutobolewa upya kwenye karakana, lakini hapa ilitosha kununua seti ya slivu na pistoni za milimita 88, kuweka raba mpya, na kupima kila slivu imechomoza kiasi gani juu ya uso wa bloki ili hedi izibane zote sawasawa. Seti ilipatikana kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa sababu pikapu za 504 bado zinafanya kazi mashambani na vipuri vyake havijaisha. Hedi ilikuwa imepinda kidogo, ikasawazishwa uso.

Kaka alikuwa amesoma kwamba injini za enzi hiyo huharibika vali kwa petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iliyobaki katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa 2006, akanunua chupa za dawa ya kuchanganya. Hofu hiyo ina msingi kwa hedi za chuma ambazo vali zake huketi juu ya chuma hicho hicho laini. Hedi ya alumini haina budi kuwa na viti vya metali ngumu vilivyopachikwa, na mwalimu mwenyewe aliendesha gari hilo miaka kadhaa kwa petroli ya sasa bila kuandika malalamiko yoyote ya vali. Chupa zile zilirudishwa dukani.

Kabureta ilihitaji mawazo zaidi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Kabureta iliyosetiwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli ile ile kwa hewa pungufu, na matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na mafuta kuisha haraka. Jeti ndogo zaidi, yaani tundu la kupimia petroli, iliponya tatizo hilo mjini. Ila dada alikuwa na mpango wa kulipeleka gari Kisumu, ambako kimo ni mita 1,130 hivi, kupitia Mau Summit, ambako barabara hupanda juu zaidi ya Nakuru kabla ya kuteremka Kericho na Ahero. Kabureta haiwezi kupendeza kila mahali, kwa hiyo walichagua seti ya Nakuru na kuvumilia ulegevu kidogo bondeni.

Breki hazina mengi ya kusema: masta silinda, mipira yote na mabomba ya breki vilibadilishwa, kwa kuwa mteremko wa Kericho hautaki maelezo. Matairi mapya yalinunuliwa kwa kusoma tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, baada ya muuzaji mmoja kutaka kuwauzia “mapya” yaliyokaa stoo miaka sita. Mikanda ya usalama iliongezwa safu ya kati, na mzee wa mabati alichomelea vibati vya kuimarisha pale ambapo bolti zake hushika. Mkanda uliofungwa kwenye bati jembamba ni pambo.

Mgogoro mkali zaidi ulihusu rangi. Chini ya kiti cha nyuma na nyuma ya kitambaa cha milango, rangi ya kiwanda ilionekana: kahawia nyepesi inayokaribia mchanga. Lakini mwalimu alikuwa amelipaka gari buluu miaka mingi iliyopita, na Lanet nzima inalijua kwa buluu hiyo. Kitinda mimba alisisitiza rangi ya kiwanda, kwa sababu wakusanyaji hulipia uasilia, na maonyesho ya magari ya kifahari ya Nairobi, yanayofanyika tangu 1970, yalikuwa yakitajwatajwa. Kaka yeye alitaka kitu kingine kabisa: taa nne mbele na namba mlangoni, kwa kumbukumbu ya Safari Rally, ambayo Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975 na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Tangu mbio hizo zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 zikiwa na makao Naivasha, mawazo ya aina hii hayaishi katika kaunti yetu. Ilibidi akumbushwe kwamba gari la Andersson lilikuwa saluni na la Nicolas kupe yenye injini ya V6. Hakuna aliyeshinda kwa gari la viazi.

Mama alisikiliza wote, kisha akasema, “Mimi sikuolewa na kiwanda. Niliolewa na baba yenu.” Gari likapakwa buluu.

Nakubaliana naye, na sababu yangu haihusu hisia. Uasilia ni thamani sokoni, na gari hili halielekei sokoni maadamu mwenye haki ya kulitumia yu hai na analitumia. Matumizi yake yalikuwa yamekwisha kuamuliwa: kanisani Jumapili, shambani Njoro, na Kisumu kwa wajukuu mara chache kwa mwaka. Kila uamuzi wa kiufundi ulipaswa kujibu matumizi hayo. Kwa msingi huo huo viti vilivyotafunwa vilishonwa upya kwa kitambaa cha kawaida kinachofulika, na gia ya kwenye usukani ikaachwa ilivyo ingawa kitinda mimba haiwezi na hulalamika kila anapoishika. Kibonyeo cha nyuma, ambacho mwalimu alikipata alipogonga lango la shule, kilinyooshwa bila mjadala. Kumbukumbu nayo ina mipaka, na bati lililokunjika hushika maji.

Bima ilipatikana, lakini ya kulinda watu wengine tu. Kampuni nyingi hazitoi bima kamili kwa gari la umri huo, na iliyokubali kulizungumzia ilitaka ripoti ya mthamini ambayo gharama yake haikuwa na maana kwa gari lisilouzwa. Hii ina maana kwamba likipinduka Londiani kesho, fedha zote zimepotea, na familia ililijua hilo ilipoamua kuendelea.

Lililobaki ni hesabu baina yao. Kaka alidai fedha zake zote, za kabla na za baada ya hati ya mahakama, zihesabiwe kuwa deni la mirathi. Sheria humfanya aliyeingilia mali bila idhini awajibike kwa wasimamizi, baada ya kuondolewa malipo yaliyokuwa sehemu halali ya usimamizi, na niliwapendekezea wafuate mgawanyo huo: betri, fundi wa kwanza na uharibifu wa slivu vibaki kwake, na mchango wake kwenye mabati na seti mpya uandikwe kama deni atakalolipwa kutoka sehemu ya gari siku mali itakapogawiwa watoto. Alikubali mabati, akakataa slivu, akisema zilikuwa zimeliwa na maji ya bomba kabla hajazigusa. Daftari la Kasuku linamuunga mkono nusu, maana vishimo vilikuwepo kweli, ila raba zilihamishwa na fundi wake. Waligawana gharama ya seti sawa kwa sawa, wakaweka saini, nami nikashuhudia. Logibuku yenye majina ya wasimamizi wawili bado inangojwa, na mlango wa nyuma unavuja mvua ikija kutoka upande wa Menengai, kwa kuwa raba ya stesheni wagoni haijapatikana hadi sasa na ile ya pikapu haitoshei.